Manyani Times na Waya Times: Udhibiti wa Habari Wakati wa Hali ya Hatari na Dhima ya Mhakiki

Udhibiti wa vyombo vya habari wakati wa vita aghalabu huelezwa kwa msamiati wa ukosefu: gazeti lililopigwa marufuku, mhariri aliyetiwa kizuizini, ukurasa ulioachwa mtupu. Mtazamo huu ni sahihi, ila haujitoshelezi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba dola inayodhibiti habari vitani hutunga pia. Hutunga utanzu wake wa masimulizi, na kwa kufanya hivyo huwasukuma wanaotawaliwa kubuni utanzu wao na, jambo ambalo wahakiki wetu hawajalizingatia vya kutosha, kubuni vigezo vya kuuhakiki. Mfano wetu ni Kenya ya Hali ya Hatari, baina ya 1952 na 1960.

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Miongoni mwa waliokamatwa katika msako ulioandamana na tangazo hilo alikuwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji, ambaye kijitabu chake cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, kilikuwa kimemtia mashakani. Henry Muoria, mhariri wa Mumenyereri, alikuwa London wakati huo na akabaki uhamishoni. Gazeti lake lilifungwa pamoja na mengine ya Kikuyu. Hivyo basi, jamii iliyokuwa imezoea kujisomea na kubishana kwa lugha yake ilijikuta imeachiwa sauti za wengine: za idara ya habari ya serikali, redio yake, na magazeti ya walowezi.

Sauti hizo zilisimulia nini? Tuchukue mauaji ya Lari ya tarehe 26 Machi 1953. Ukatili wa usiku huo ulikuwa wa kweli, na hakuna mhakiki anayepaswa kuupunguza. Serikali iliwapeleka waandishi wa habari huko na kueneza picha za maiti. Mauaji ya kulipiza kisasi yaliyofanywa baadaye na walinzi wa nyumbani na askari wa serikali hayakupewa nafasi hiyo. Kila kilichosimuliwa chaweza kuwa kweli, na bado kisa kizima kikawa uongo, kwa sababu kimekatwa pale msimulizi alipotaka kiishe. Hapa udhibiti umefanya kazi ya msuko wa kisanaa: umechagua mwanzo, kilele na mwisho.

Ufundi huu ulionekana wazi zaidi mwaka 1959. Tarehe 3 Machi, wafungwa wa kizuizini 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilieleza kuwa vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika gari la maji lililotumiwa na wafungwa wote na walinzi wao. Mwanaisimu akiichunguza kauli hiyo ataona kwamba haina mtenda. Vifo "vinatokea", hakuna anayeua. Ataona pia kwamba haidai popote kuwa maji yaliwaua. Inaweka tukio moja baada ya jingine, kisha inamwachia msomaji aunganishe chanzo na tokeo. Neno "baada" limebebeshwa uongo ambao mwandishi wa taarifa hakuthubutu kuutamka. Uchunguzi wa maiti na maswali yaliyoulizwa katika Bunge la Uingereza ndiyo yaliyoivunja taarifa hiyo.

Wafungwa wenyewe hawakuhitaji kungoja Bunge ili wajue kuwa taarifa ya serikali husomwa kwa tahadhari. J. M. Kariuki, aliyezuiliwa katika kambi mbalimbali kwa takriban miaka saba, anasimulia katika kitabu chake Mau Mau Detainee (1963) jinsi wafungwa walivyojitungia huduma ya habari ya mdomo. Waliigawa sehemu mbili. Manyani Times ilikuwa na habari zilizoaminika kuwa za kweli, zilizookotwa hasa katika magazeti na wale waliotumwa kufanya kazi katika makazi ya maofisa na askari. Waya Times ilikuwa na tetesi, makisio na matumaini.

Mgawanyo huu unastahili kuitwa kwa jina lake: ni uhakiki. Watu walionyimwa gazeti walitunga magazeti mawili, wakatenga habari yenye chanzo na habari isiyo nacho, wala hawakulitupa la pili. Waya Times ilikuwa na kazi yake, kwani matumaini nayo ni riziki ya mfungwa. Hata jina lenyewe linaruhusu tafsiri mbili, waya wa simu upitishao ujumbe na waya wa seng'enge uwazuiao watu. Wanafasihi simulizi wetu wamekusanya ngano, vitendawili na nyimbo za wakati huo, lakini utanzu huu wa kambini wamewaachia wanahistoria, kana kwamba ni ushahidi tu na si sanaa ya neno.

Matokeo ya kuupuuza yanaonekana tunapoisoma A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967). Wanakijiji wa Thabai wanamwamini Mugo kuwa shujaa na kumshuku Karanja kuwa ndiye aliyemsaliti Kihika; ukweli ni kinyume. Usomaji uliozoeleka hulieleza jambo hili kama kinaya kinachofichua hatia ya mtu binafsi. Sisi tunaona kuwa kinaya hicho kina chanzo cha kijamii. Thabai ni kijiji kilichopita katika vita bila chombo cha kuthibitisha habari. Sifa za Mugo zimetokana na masimulizi ya kambi ya Rira, ambako wafungwa walipigwa hadi kufa kwa namna inayomkumbusha msomaji Hola, na masimulizi hayo yamevuka seng'enge yakiwa yamekuzwa. Kijiji kizima kinaishi ndani ya Waya Times kikidhani ni Manyani Times. Mugo anapokiri hadharani siku ya sherehe za Uhuru, anafanya kile ambacho hakuna gazeti wala baraza lililoweza kukifanya kwa miaka yote hiyo: anaipa habari chanzo chake.

Yaweza kupingwa kuwa tunazipamba tetesi. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa tetesi ziliua pia: mtu aliweza kuangamia kwa kunong'onezwa tu kuwa ni msaliti. Lakini ndiyo maana mgawanyo wa wafungwa una thamani. Mhakiki anayeiamini kila sauti ya waliokandamizwa kwa sababu tu imetoka chini ameusahau uangalifu ambao wao wenyewe waliuzingatia.

Wala jambo hili halikukoma vita vilipokoma. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi mwaka 2003. Kariuki mwenyewe, mwandishi aliyetuhifadhia majina ya magazeti yale mawili, aliuawa Machi 1975. Siku hizo gazeti moja kubwa la Nairobi lilitangaza kuwa yuko Zambia, ilhali maiti yake ilikuwa tayari imeokotwa Ngong. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa imeyaficha Hanslope Park majalada iliyoyaondoa Kenya kabla ya Uhuru. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa fidia manusura 5,228.

Majalada hayo sasa yanasomwa, na kuna hatari kwamba yatachukuliwa kuwa ndiyo Manyani Times ya mwisho, kwa vile tu yalikuwa siri. Lakini nayo yaliandikwa na watu waliokuwa vitani, kwa lugha ileile isiyo na mtenda. Kuyasoma kwahitaji maswali waliyouliza wafungwa: habari hii imeokotwa wapi, imeletwa na nani, na imekatwa wapi? Idara za fasihi zina zana za kuyajibu maswali hayo. Kazi ya kwanza, na muda wake unayoyoma kwa kuwa waliokuwamo kambini wamebaki wachache, ni kuyakusanya na kuyachanganua masimulizi yaliyosalia ya magazeti yale yasiyochapishwa.