Silaha ya Kwanza ya Mtoto: Manati ya Nkololo na Uta wa Wahadzabe

Mtama ukianza kukomaa Nkololo, wilayani Bariadi, Mkoa wa Simiyu, kazi ya kuamia ndege huwaangukia watoto. Kwelea kwelea hawaji mmoja mmoja. Hushuka kama wingu, na shamba lisilo na mlinzi hubaki mabua. Kwa hiyo mtoto hupanda juu ya kichuguu, manati shingoni, changarawe mfukoni, akashinda hapo hadi jua lizame. Hiyo ndiyo silaha ya kwanza ya watoto wengi wa Bariadi, na ni nadra mzazi kukaa chini kujadili namna ya kuichagua. Hata hivyo ukiichunguza utaona imechaguliwa vizuri.

Marekani swali la silaha ya kwanza ya mtoto hujadiliwa sana, kwa sababu huko watoto wengi hufuatana na baba zao kuwinda ayala. (Ayala ni yule mnyama wa Zaburi, mwenye pembe zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Kwetu hayupo, tuna kulungu, swala na paa, ambao pembe zao hazidondoki.) Wawindaji wenye uzoefu huanza na kitako. Bunduki ya mtu mzima huwa na sentimeta 34 au 35 kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Ya mtoto hupunguzwa hadi 31 au 32, la sivyo atalazimika kuinyoosha shingo mbele ndipo jicho lipate shabaha. Kisha huangalia teke. Risasi ya .243 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1955, hupendwa kwa watoto kwa kuwa teke lake ni kama nusu ya lile la .30-06 iliyozoeleka tangu 1906, na bado inamwangusha ayala. Mtoto aliyepigwa teke kali mara moja hufumba macho mara ya pili, akakivuta kifyatulio kwa kishindo, na mnyama akaenda kufia kichakani na jeraha la tumbo. Mwisho, wengi hushauri bunduki inayobeba risasi moja tu, ili kila mlio utanguliwe na kazi ya mkono na nafasi ya kufikiri.

Ushauri huo ni wa watu makini. Lakini kitako kifupi na teke dogo vinapima kama mtoto anaweza kuimudu bunduki, na vinaacha kipimo ambacho kwa mtoto kina uzito kuliko vyote: akikosea, kosa lake litafika wapi?

Chukua risasi ndogo kabisa iliyozoeleka, .22. Inatoka mtutuni na nguvu ya jouli 150 hivi, na maboksi yake hubeba onyo kwamba ina hatari hadi maili moja na nusu, yaani kama kilometa 2.4. Ile ya .243 hutoka na jouli 2,600. Sasa simama popote kwenye tambarare za Nkololo, chora duara la kilometa 2.4, uhesabu yaliyomo: miji ya watu, kundi la ng'ombe na mchungaji wake, wanawake wanaopalilia pamba, njia ya wanafunzi. Mtoto wa miaka minane haoni hata robo ya duara hilo.

Tena bunduki haiulizi ni nani aliyeishika. Kidole cha mtoto wa miaka mitano na cha askari aliyefuzu hutoa risasi ileile, kwa nguvu ileile. Mwishoni mwa Aprili 2013, huko Kentucky, mtoto wa miaka mitano alimpiga risasi dada yake wa miaka miwili nyumbani kwao, akamuua. Bunduki ilikuwa ya .22, ya risasi moja, yenye kitako kifupi, iliyotengenezwa mahsusi kwa watoto na aliyopewa kama zawadi. Vipimo vyote vya hapo juu ilikuwa imevitimiza.

Kwa jibu lililojaribiwa muda mrefu zaidi, hakuna haja ya kutoka nje ya Mkoa wa Simiyu. Wilayani Meatu, kuelekea Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao uwindaji kwao ni chakula cha leo. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe, aliyefanya utafiti kwao kuanzia miaka ya 1990, aliandika kwamba mtoto wa kiume hupata uta wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Msomaji anaweza kushtuka. Miaka mitatu!

Siri imo katika uta wenyewe. Uta humrudishia mvutaji kile tu ambacho mkono wake umeweka ndani. Uta wa mwanamume wa Kihadzabe ni mgumu mno. Marlowe alipima wastani wa kama kilo 31 za mvuto. Ukivutwa nusu meta, kwa hesabu ya haraka, unahifadhi jouli 75 hivi. Mpe mtoto na hataweza kuupinda. Yeye huchongewa kauta kanakolingana na mkono wake. Tuseme ni ka kilo 5, kanavutwa sentimeta 35: hapo pana jouli 9, zinazomtosha ndege mdogo au panya, na mshale unaangukia palepale macho yake yanapofika. Akikua, uta unakua naye. Kila mwaka unaoongeza nguvu ya bega humwongezea pia maarifa ya upepo, ya nyayo na ya kutambua nani yuko nyuma ya kichaka. Hakuna anayehitaji kuamua siku ya kumkabidhi nguvu za mtu mzima, kwa kuwa mwili wake haumruhusu kuzichukua kabla ya wakati.

Mishale nayo ina madaraja, na hapa ndipo ufundi ulipo hasa. Mshale wa mtoto ni mti mtupu uliochongwa ncha, wano na ncha vikiwa kitu kimoja. Chembe cha chuma, ambacho Wahadzabe hukifua kutokana na misumari, ni cha wanyama wakubwa kidogo. Juu kabisa kuna chembe chenye sumu, itokanayo na utomvu wa waridi la jangwani au mbegu za mti wa Strophanthus, kinachozungushiwa kipande cha ngozi ili sumu isikauke na isimkwaruze mtu kwa bahati mbaya.

Manati ya Nkololo inafuata kanuni hiyohiyo bila kuitangaza. Raba imekatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mkono mdogo huivuta kidogo, jiwe likaenda karibu. Kasoro yake ni hatari kwa macho ya watu, na mzazi anayejali huweka sharti moja kali: hailengwi kwa mtu wala kwa mfugo, hata kwa mchezo, na anayevunja sharti hunyang'anywa. Kinachotisha vijijini ni gobole. Mtutu wake wa bomba hujazwa baruti na vipande vya chuma kwa kukadiria, na unaweza kumpasukia mpigaji usoni. Serikali imewahi zaidi ya mara moja kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha za aina hiyo, na mwenye nalo ndani ya nyumba yenye watoto angefanya vyema kutosubiri tangazo jingine.

Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji wa leseni awe ametimiza miaka 25. Sheria ya wanyamapori ya 2009 nayo haimruhusu mtu kuwinda swala bila kibali, awe na bunduki au mshale, na upande wa mashariki ya Bariadi kuna Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, ambako doria hazilali. Kijana wa miaka kumi wa Nkololo anayeota bunduki ana miaka kumi na mitano ya kungoja. Kwa sasa kwelea kwelea wamekwisha kutua upande wa pili wa shamba, na changarawe zimebaki tatu.