Neno Lililokatwa Katika Daftari la Kikundi

Majuzi hapa Irente daftari la kikundi kimoja cha kuweka na kukopa lilisifiwa mbele ya watu hadi likapitishwa mkono kwa mkono. Mistari imenyooshwa kwa rula, vichwa vya agenda vimeandikwa kwa kijani, mwandiko ni mmoja mzuri tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna neno lililokatwa. Wageni wakapiga makofi, makatibu wa vikundi vingine wakaambiwa waige. Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya shughuli ya watu. Lakini nimewaona makatibu vijana wakinakili mpangilio wa zile rangi, wakiamini wamepata elimu, na hilo siwezi kulinyamazia. Daftari lile ni baya. Limeandikwa upya lote, limeandikwa na mtu mmoja ndani ya siku chache, na wanachama wenyewe hawajawahi kulitumia.

Nimejuaje? Kikundi kinachokutana kila wiki kwa mwaka mzima hakiwezi kuwa na wino wa sura moja. Masika ya huku ukungu huingia hadi ndani ya sanduku. Kurasa za Aprili na Mei huvimba, na wino hutanuka kidogo pembeni mwa herufi. Mwezi wa saba, baridi ikibana, kalamu ya bei nafuu hugoma, na utaona pembeni mwa ukurasa mahali katibu aliposugua ncha ili itoe. Wakati wa kuvuna viazi, kona za chini zina alama za vidole vya watu waliotoka shamba moja kwa moja. Daftari lililosifiwa lilikuwa jeupe kama sahani ya harusi.

Naelewa linakotoka tatizo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vyetu vimewekwa daraja la nne la watoa huduma hizo na vinatakiwa kusajiliwa. Ukiongeza ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, basi kila kikundi kinataka kupendeza machoni pa anayekuja kukagua. Mkaguzi mwenye haraka hutazama usafi. Katibu naye si mjinga, anampa usafi.

Sasa nieleze kitu ambacho macho mageni hukikosa kila mara. Mjuzi akishika daftari hatafuti mwandiko. Anakwenda kwenye agenda ya Yatokanayo, yaani mambo yaliyotokana na muhtasari wa kikao kilichopita, na kutafuta neno lililokatwa.

Neno lililokatwa vizuri lina mstari mmoja tu juu yake, na kosa bado linasomeka. Juu ya kosa limeandikwa lililo sahihi. Pembeni kuna tarehe na saini, na saini hiyo si ya katibu. Ni ya mwanachama aliyeliona kosa. Mathalani wiki iliyopita mama mmoja alinunua hisa 5, katibu akaandika 3. Wiki hii muhtasari unasomwa, mama anasema, "Mwanangu, mimi niliweka tano." Wenye kuhesabu fedha wanathibitisha, 3 inakatwa, 5 inaandikwa, mama anasaini. Kialama hicho kimoja kinakuambia kwamba muhtasari ulisomwa kweli, kwamba ulisomwa kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanachama alikuwa anafuatilia namba yake, kwamba hakuogopa kusema, na kwamba katibu alikubali kusahihishwa mbele ya watu. Ukurasa mzima wa mwandiko wa kupendeza haukuambii hata moja kati ya hayo.

Kukata nako kuna daraja zake. Neno lililosuguliwa kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka linaficha kitu. Ukikuta wino mweupe wa kufutia, funga daftari, mengine hayana haja ya kusomwa. Makosa mengi yaliyosahihishwa kwa saini ya mtu yuleyule yanaonyesha kwamba kikundi kina msomaji mmoja na wengine ni wasikilizaji wa adabu. Ninachokitaka mimi ni masahihisho machache yaliyotawanyika, kila moja na mkono wake. La juu kuliko yote ni lile lenye dole gumba badala ya saini. Hapo tazama dole limekaa wapi. Likiwa katikati ya nafasi iliyoachwa wazi, mtu aliambiwa tu abonyeze. Likiwa limeegemea namba yenyewe hata kuifunika kidogo, mtu huyo alionyeshwa namba yake na anaijua.

Nimewahi kumwona fundi wa kazi hii. Alikuwa katibu wa kikundi cha watu wa mfereji wa maji, mzee aliyeandika nani alifika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na nani alipeleka mtoto badala yake. Alisoma mstari kwa Kiswahili, akaurudia kwa Kishambaa, kisha akamtazama bibi mkubwa kuliko wote pale. Bibi asiposema "endelea", mzee haendelei. Majina aliandika kamili, kwa sababu ukiandika Shemdoe peke yake huku kwetu umemtaja mtu gani? Na kila mwanachama mpya alimkalisha kando, akamshika kidole cha shahada na kukiweka chini ya jina lake. Wiki ya kwanza jina tu. Wiki zilizofuata jina na namba iliyo mbele yake. Hakuwahi kumfundisha mtu daftari zima kwa mkupuo kama wafanyavyo hawa wa semina, ambao hugawa kalamu, huchora jedwali ubaoni na kuondoka.

Hesabu za jumla zina utaratibu wake, nao si wa kalamu. Mtindo huu wa kuweka na kukopa, ulioanza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ulilenga tangu mwanzo watu wengi wasiosoma. Mwisho wa kikao fedha zinahesabiwa wazi, kiasi kinatamkwa, na wanachama wanaambiwa wakikariri. Kikao kijacho, kabla ya hesabu, wanaulizwa. Kikundi kizuri hujibu kwa pamoja, na daftari ndilo linalofuata kinywa chao. Siku hizi katibu hupiga picha ukurasa kwa simu, anautuma, kisha anahesabu kwamba umesomwa.

Wadanganyifu nao wana ufundi wao. Kuna katibu aliyekuwa anatamka jumla kutoka kichwani huku macho yapo kwenye daftari. Aliyemkamata ni mwanachama asiyeona. Hapa Irente, penye shule ya wasioona, watu hatushangai kuwa na mwanachama kama huyo, lakini katibu yule alimdharau. Yule bwana alisema tu, "Katibu, umevuka mwezi na sijasikia karatasi ikifunuliwa." Wakaomba daftari liletwe katikati, na mwezi uliotajwa haukuwa umeandikwa kabisa.

Mwingine alichomoa karatasi. Kaunta buku nzuri hushonwa kwa uzi, na ukichomoa karatasi moja, pacha wake upande wa pili wa uzi hulegea. Pitisha dole taratibu kwenye mshono. Inayocheza ndiyo itakayokupeleka kwa mwenzake aliyeondoka. Mwizi makini huchomoa zote mbili, ndiyo maana kurasa zipewe namba siku daftari linaponunuliwa, mbele ya wote, na namba hizo ziandikwe na mikono tofauti. Daftari la pini sitaki kuliona. Kalamu iwe ya bluu. Nyeusi haifai kwa daftari la kikundi. Sanduku lina kufuli 3 na wenye funguo 3. Daftari likilala nje ya sanduku, lilale kwa mtu wa nne, na mtu huyo asiwe katibu.

Nilikuwa mtoto mwaka 1973, wakati wa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Jioni watu wazima walikaa kuizunguka redio, kipindi kikiisha mmoja alisoma kijitabu kwa sauti, wakajadili, wakakubaliana nani achimbe choo lini, na makubaliano yakaandikwa. Mwaka 1967 Watanzania watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 walikuwa wamebaki chini ya 10. Kizazi kile kilijifunza kusoma kikiwa kimekaa pamoja, hivyo kusomewa hakukuwa aibu na kuuliza hakukuwa utovu wa adabu. Leo tuna vijana wenye kidato cha nne ambao wakati muhtasari unasomwa wanachezea simu, kisha wanapiga makofi kuuthibitisha. Wale wa redio wangemrudisha katibu mwanzo.

Kwa hiyo ukipewa daftari ulipime, ruka kurasa za mwanzo. Hizo kila katibu huziandika kwa bidii. Nenda kwenye wiki chache kabla ya mgao wa akiba. Wakati huo kila mtu anataka kujua hisa zake, anayedaiwa anataka marejesho yake yaonekane, aliyetozwa faini anabisha. Katika kikundi kilicho hai masahihisho huongezeka hapo, saini hubanana pembeni, madole gumba yanapakana, na Yatokanayo hurefuka kuliko agenda nyingine zote. Kurasa hizo zikiwa safi kama za Januari, waombe wanachama watatu, mmojammoja, wakuonyeshe jina lao liko wapi.