Wachaguzi wa Galaksi

Sokoni Suneka, kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori, mnunuzi mzoefu hakati ndizi ili ajue ya ndani. Hutazama pembe za vidole. Zikiwa bado kali, mkungu ni mchanga. Zikianza kuviringika, umekomaa. Lori la Nairobi lina nafasi yake, na mikungu ni mingi kuliko nafasi. Wapo watu wanaovichagua vitu vya angani kwa jicho kama hilo, nami nataka kuwasifu, maana sifa nyingi huishia kwa darubini.

Mradi wa DESI ulianza rasmi kuchora ramani ya anga Mei 2021, kwa darubini ya Mayall yenye kioo cha mita 4, mlimani Kitt Peak, Arizona. Una nyuzi za kioo 5,000, kila mmoja ukisogezwa na roboti yake mpaka pale mwanga wa galaksi moja utakapoangukia. Mwanga huo huchambuliwa rangi kwa rangi, na humo ndimo umbali unamosomwa. Lakini roboti haijui galaksi. Huambiwa mapema iende wapi, kwa orodha iliyochujwa kutoka picha zenye vitone zaidi ya bilioni moja.

Tazama kitone chekundu. Huenda ni galaksi kongwe ya mbali, huenda ni nyota ndogo ya galaksi yetu. Kwenye picha ya kawaida vinafanana mno. Wachaguzi wa orodha hiyo huongeza kipimo cha infraredi kutoka satelaiti ya WISE, kwa sababu galaksi ya namna hiyo hung'aa zaidi katika infraredi kuliko nyota yenye wekundu uleule. Kwa ulinganisho huo mmoja karibu nyota zote hutoka kwenye orodha. Mimi naona ustadi huu haupungui thamani mbele ya ule wa kuchonga kioo cha darubini.

Galaksi zinazozaa nyota zina ugumu wake. Oksijeni yake huacha katika mwanga uliochambuliwa mistari miwili myembamba iliyobanana, alama isiyochanganywa na nyingine. Galaksi ikiwa mbali kupita kiasi, mistari hiyo husogea kwenye wekundu ambao chombo hakifiki, na uzi umekesha bure.

Kinachonigusa zaidi ni uadilifu wa kazi hii. Vumbi la galaksi yetu hufifisha na kutia wekundu vilivyo nyuma yake, hivyo upande wenye vumbi galaksi chache hupita kwenye chujio. Asiyejali atachora pengo lisilokuwepo. Ndiyo maana sheria za kuchagua huandikwa kabla, hujaribiwa kipande kwa kipande cha anga, na kila kilichokosekana hukadiriwa. Uangalifu huo unahitajika, maana alama wanayoitafuta kwenye ramani ni ziada ndogo tu ya jozi za galaksi zilizoachana kwa takriban miaka ya nuru milioni 500.

Kazi ya namna hii iliwahi kuanzia kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Ikapima anga zima kwa eksirei, na orodha yake ya mwisho ikawa na vyanzo 339. Mahali pa vyanzo vingi palijulikana kama doa pana tu lenye nyota nyingi ndani yake, na mtu akalazimika kuamua ni ipi ipimwe mwanga. Katika chanzo kiitwacho Cygnus X-1 wataalamu wa anga walichagua sawasawa: nyota HDE 226868 ilionekana ikizungushwa na kitu kizito kisichoonekana, shimo jeusi.

Machi 2025 DESI iliwafungulia watu wote vipimo vya vitu milioni 18.7. Humo mna alama inayoonyesha kila kitone kilichaguliwa kwa sheria ipi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzisoma sheria hizo, akaandika ya kwake, na kupima ni galaksi gani angezipata na zipi angeziacha.