Mgeni Kuponywa na Mwenyeji: Macho ya Mtalii katika Filamu «Viaggio in Italia»

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi za sanaa zinazosimulia matembezi ya mume na mke katika mji wa kale wa Ulaya, filamu Viaggio in Italia ya Mwitalia Roberto Rossellini, iliyotolewa mwaka 1954, ina nafasi yake ya pekee. Watu wawili wanazunguka Napoli na viunga vyake. Wanatazama sanamu, mapango, moshi wa volkano na mifupa ya wafu, na kila wanachokitazama kinawarudisha kwenye ndoa yao inayobomoka.

Kwa kawaida filamu hii huhakikiwa kwa upande wa wageni hao wawili. Uhakiki huu unakusudia kuuliza swali la upande wa pili: mwenyeji ana nafasi gani katika kisa cha mgeni? Waswahili husema, «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Rossellini ameipindua methali hiyo. Katika filamu yake anayepona ni mgeni, na mwenyeji ndiye dawa.

2. Kisa kwa ufupi

Alex na Katherine Joyce, wanaoigizwa na George Sanders na Ingrid Bergman, ni Waingereza waliooana kwa muda wa miaka minane. Wanakwenda Napoli kwa gari ili kuuza nyumba waliyoachiwa na marehemu jamaa yao aitwaye Homer, aliyeipenda nchi hiyo na kuishi huko. Safarini wanatambua kwamba tangu waoane hawajapata kukaa peke yao, na kwamba hawajuani. Alex anakwenda kisiwa cha Capri kutafuta burudani. Katherine anabaki kutembelea mambo ya kale. Ugomvi unakua mpaka wanaamua kuachana. Papo hapo wanachukuliwa kwenda Pompei kuangalia wafukuaji wakiwa kazini. Wakirudi, gari lao linazuiwa na msafara wa kidini. Katherine anachukuliwa na umati, Alex anamfuata, na hapo wanapatana.

3. Maana mbili za kutalii

Kitenzi kutalii kimetoka katika Kiarabu, na maana yake ya zamani ni kusoma au kuchunguza jambo kwa makini. Siku hizi mtalii ni mtu asafiriye kwa kujiburudisha, atazamaye vitu na kupita. Safari ya Katherine inaweza kuelezwa kuwa ni mwendo kutoka maana hii mpya kuelekea ile ya zamani.

Mwanzoni hatazami kwa macho yake mwenyewe. Amebeba kumbukumbu ya Charles Lewington, mshairi aliyempenda kabla ya kufa, ambaye aliandika juu ya Napoli wakati wa vita. Anaingia katika jumba la makumbusho akitarajia kukuta roho tupu alizozisikia katika mashairi hayo. Badala yake anakuta miili: Herakle wa Farnese mwenye misuli minene, walevi, wanariadha, watawala wenye nyuso za kikatili. Kamera ya Rossellini inazizunguka sanamu hizo kana kwamba zina pumzi, na uso wa Katherine unaonyesha hofu. Baadaye anasema kwamba watu wale wa kale walionekana kama watu wa leo. Hapo ndipo anapoanza kutalii kwa maana ya asili: kitu kinachosomwa kinamsoma msomaji.

Huko Cumae, katika pango linaloitwa la Sibila, kiongozi mzee anaigiza mbele yake jinsi mateka alivyokuwa akifungwa ukutani, naye anaondoka kwa hasira. Katika Solfatara anaonyeshwa kwamba moshi wa sigara ukipulizwa penye tundu moja, ardhi nzima ya jirani huzidi kutoa mvuke. Msanii hatoi maelezo. Mtazamaji mwenyewe anaelewa kwamba katika ndoa pia cheche ndogo huamsha moto uliofunikwa kwa miaka.

4. Mwenyeji nyuma ya kioo

Kati ya ziara moja na nyingine Katherine huendesha gari katika mitaa ya Napoli. Kupitia kioo anaona wanawake wajawazito, wapenzi, mapadre, watoto katika vigari vyao na mazishi. Yeye hana mtoto, na kila tumbo analoliona ni lawama isiyosemwa. Kwa upande wa fani, picha hizi ni za ustadi mkubwa: zinafunua moyo wa mhusika bila neno lolote.

Lakini mhakiki hana budi kuuliza juu ya hao wanaoonwa. Hawana majina. Hawasemi lolote linalofasiriwa. Viongozi wa makumbusho na mapango wanapewa maneno, lakini ni maneno ya kazi yao tu. Watumishi wa nyumbani hawaeleweki kwa Alex anapotafuta divai, na kutoelewana huko kunafanywa kichekesho. Natalia tu, mwanamke Mwitalia anayemwongoza Katherine mpaka kwenye mafuvu ya Fontanelle na kusali huko apate mtoto, ndiye anayeruhusiwa kuwa na haja yake mwenyewe.

Msomaji wa Kongo anaifahamu hali hii. Katika kadi za posta za enzi ya ukoloni, Mkongo alipigwa picha mara nyingi akiandikiwa kazi yake au kabila lake tu. Jina lake halikuandikwa. Napoli haikuwa koloni la Waingereza hao, na mambo hayo mawili yasichanganywe. Hata hivyo jicho linalopita nyuma ya kioo ni la ukoo mmoja: linamfanya mtu kuwa mandhari.

5. Pompei na msafara

Mwaka 79 mlima Vesuvio uliuzika mji wa Pompei kwa majivu. Miili ilioza, ikaacha uwazi wenye umbo lake ndani ya majivu yaliyoganda. Tangu mwaka 1863, kwa njia iliyoanzishwa na Giuseppe Fiorelli, wafukuaji humimina plasta katika uwazi huo, na umbo la marehemu hutokea. Katika filamu, mbele ya wale wawili waliokwisha kukubaliana talaka, wanatokea mwanamume na mwanamke waliokufa pamoja. Katherine hawezi kustahimili. Anageuka na kulia.

Hiki ndicho kilele halisi cha kazi hii. Kinachoonyeshwa ni umbo la mahali palipokuwa na watu, na ndoa ya akina Joyce vilevile ni uwazi wenye umbo la ndoa. Hapa kioo cha gari hakipo tena: Katherine ameguswa na mwenyeji, ijapokuwa mwenyeji huyo amekufa karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Upatanisho wa mwisho una nguvu ndogo kuliko hapo. Watu wanapaza sauti kwamba muujiza umetokea, umati unasukumana, na mume na mke wanakumbatiana. Imani ya wenyeji inaazimwa kwa dakika chache ili kuwaponya wapita njia wasioishiriki. Muujiza wa mwenyeji wenyewe hatuelezwi ulikuwa nini, wala ulimfaa nani.

6. Hitimisho

Kuna jambo moja linalomtetea Rossellini. Picha ya mwisho ya filamu haibaki kwa mume na mke. Kamera inawaacha na kubaki na umati unaopita pamoja na bendi yake. Msanii ameona zaidi ya wahusika wake, ingawa ameona amechelewa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, filamu hii yafaa kulinganishwa na Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapwa Göttingen mwaka 1901, ambamo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Humo Mwafrika ndiye mgeni na Ulaya ndiyo inayotazamwa. Ulinganisho huo utaonyesha kwamba kosa la jicho la mtalii halimo katika rangi ya mtazamaji. Limo katika kupita bila kuuliza jina. Methali inamtaka mwenyeji apone kwa kuja kwa mgeni, na Napoli ya Rossellini bado inaidai haki hiyo.