Kuku, paka na kimputu: nyumba ya Kasongo inavyowapanga wakazi wake

Kuku wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, analala ndani. Watu wa miradi ya afya hulaumu jambo hili bila kuuliza sababu, ilhali sababu zinajulikana na kila mtoto. Kicheche na fungo huvizia usiku, mwizi naye haoni haya, na kuku watano ndio karo ya shule. Mbuzi hufungwa kando ya jiko. Paka ana ruhusa ya kwenda atakako, mbwa anaishia barza. Kwa hiyo fundi anayejenga au kuchonga samani, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, anapangia nyumba wakazi wengi kuliko wale aliotajiwa na mteja.

Upangaji huo haukuanza leo. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip na wafanyabiashara waliotoka pwani, na hadi leo una Waislamu wengi. Katika madhehebu ya Shafi paka ni msafi, lakini chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ndiyo maana kizingiti huinuliwa, mkeka wa kusalia hutundikwa ukutani badala ya kuachwa sakafuni, na mbwa huachiwa kivuli cha barza. Ni ramani nzuri, na imeeleweka vizazi kwa vizazi bila mchoro wowote.

Ila kuna mkazi mmoja ambaye ramani hiyo haikumhesabu.

Mwaka 1903 chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool kiliwatuma Kongo madaktari, miongoni mwao Mwingereza Joseph Everett Dutton na Mkanada John Lancelot Todd, wachunguze malale. Dutton ndiye aliyekuwa ameipa jina trypanosoma ya Gambia mwaka uliotangulia. Walipofika mashariki wakakutana na homa nyingine, ile inayopanda, ikashuka, kisha ikarudi baada ya siku kadhaa. Wenyeji walikuwa wakimtaja kupe wa nyumbani, kimputu, ambaye pwani huitwa papasi. Madaktari hao waliwaachia kimputu wawaume kima, na kima wakaugua. Wakaendelea hadi kwa vitoto vya kupe vilivyoanguliwa mikononi mwao kutokana na mayai ya kupe wenye vimelea: navyo viliambukiza. Katika kazi hiyo Dutton na Todd wote wawili waliugua homa yenyewe. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, na kimelea cha homa hiyo kinaitwa Borrelia duttonii kwa jina lake.

Kwa mtu wa ujenzi, sehemu yenye faida zaidi katika habari hii ni tabia za kupe. Kimputu hana macho. Mchana anajificha ndani ya nyufa za sakafu na ukuta wa udongo. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa nusu saa hivi, kisha anarudi ufani. Anaweza kukaa miaka bila kula. Familia iliyokimbia vita Kabambare ikirudi baada ya misimu miwili inakuta paa limeoza na mlango umeibwa, lakini kimputu yupo palepale alipoachwa.

Kuku wanaingiaje hapa? Watafiti waliopima kuku na nguruwe wa Mvumi, mkoani Dodoma, walichapisha mwaka 2007 kwamba baadhi yao walikuwa na borrelia damuni. Kwa hiyo tenga la kuku chini ya kitanda ndilo kosa kubwa kuliko yote katika chumba cha kulala, maana kupe anapewa milo miwili na maficho mamoja. Simwambii mtu afukuze kuku wake. Namwambia ahamishe tenga.

Banda linalofaa husimama juu ya nguzo, kimo cha kiuno, hatua chache kutoka ukuta wa chumba, na mlango wake unatazama dirisha la mwenye nyumba ili kelele zisikike. Nguzo huvishwa bati kuzuia panya. Sakafu yake ni fito zilizoachiwa nafasi, kinyesi kidondoke chini. Panapokuwa na wezi wengi mno, kuku waingie jikoni, ndani ya tenga linaloning'inizwa kwa kamba kwenye boriti na kutolewa juani kila asubuhi, majani yake yakibadilishwa.

Kuhusu majani hayo, mwalimu wa ajabu amewahi kupita Kabambare. Msafiri David Livingstone alikwama huko, mahali alipopaandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, akiuguza vidonda vya miguu. Alipewa mtoto wa soko, yaani sokwe, akakaa naye mkekani. Mnyama huyo alijikusanyia majani na nyasi ajitengenezee malazi. Watafiti waliochunguza viota vya sokwe katika bonde la Issa, magharibi mwa Tanzania, walieleza mwaka 2018 kwamba karibu hawakukuta wadudu wanyonyao damu humo. Sokwe hutandika upya kila jioni. Mahali pa kulala pasipodumu hapana ufa wa kuzeeka.

Kitanda cha binadamu kinadumu, na ndiyo shida yake. Kile cha fito za mwale ni chepesi na bei yake haiumizi, ila kila fundo la kamba ni chumba cha kupanga kwa kimputu na kunguni. Mbao za mvule zilizopigwa randa, matundu yakazibwa, ni bora kwa mwenye uwezo. Asiye nazo akitenge kitanda na ukuta kwa shubiri moja, miguu aisimamishe ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya pikipiki, makopo yapwaye kidogo tu, vifaranga wasije wakatumbukia. Chandarua kichomekwe chini ya godoro. Fotei la kujazwa sponji na kushonewa kitambaa silipendi kabisa: paka analichana, na ndani hakufikiki. Kiti cha mbao chenye mito ya kuvuliwa huanikwa chote.

Inabaki saruji, ambayo huku hufika kwa taabu, mara nyingine juu ya baiskeli. Mwenye mfuko mmoja huupaka mbele ya nyumba, wapitao waone. Ningeuanzia chumbani, pale sakafu inapokutana na ukuta, kwa kimo cha kiganja, kona iviringwe isibaki mkunjo. Kisha sakafu ya chini ya kitanda. Ukibaki, upande wa jiko anapofungwa mbuzi, maana mkojo wake hula udongo. Halafu imwagiliwe maji wiki nzima. Saruji iliyokaushwa haraka na jua la Agosti hupasuka, na ufa wake ni mbaya kuliko wa udongo: udongo mama wa nyumba anausiliba upya Jumamosi, saruji inasubiri mfuko mwingine.