Wino wa Ukurasa wa Kwanza

Wanaokusanya vitabu vilivyotiwa sahihi na viongozi wanastahili pongezi, hasa wale wasiobabaishwa na nakala za siku ya uzinduzi. Pale kiongozi husaini kwa foleni: jina, tarehe, mwingine aje. Utamu uko kwenye nakala aliyomwandikia rafiki wa zamani, yenye jina la utani na salamu kwa shemeji.

Kwa Arusha, mimi ningeanza kusaka The Meru Land Case, kilichotoka Nairobi mwaka 1967. Kirilo Japhet, aliyepeleka hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kilio cha Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki, alikiandika pamoja na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyesimama nao katika shauri hilo. Nakala ambayo mmoja wao alimwandikia mzee wa Poli au Nkoaranga ni mali.

Kitabu cha Benjamin Mkapa, My Life, My Purpose, kina mtihani wake. Kilizinduliwa Novemba 2019. Mwandishi akafariki Julai 2020. Ukionyeshwa sahihi ya mwaka 2021, mwachie muuzaji kitabu chake.

Kazi yenyewe ni subira: kuwabembeleza warithi kabla karatasi hazijafungia karanga, kupambana na mchwa na unyevu wa masika, kumzuia muuzaji asichane ukurasa wenye jina akidhani umechafuka. Walio hodari huandika pia kwa penseli, kwenye kikaratasi cha pembeni, kitabu kimetoka nyumba gani na lini.