Anayepaka kwa Upepo

Mwenye gari akifika gereji huulizia rangi: itafanana na ya zamani? Itang'aa? Itakuwa tayari lini? Fundi rangi mzoefu ana swali linalotangulia hayo yote, nalo ni la upepo. Upepo ukiwa na maji, rangi ghali kuliko zote dukani itaharibika. Ukipungua katikati ya mlango, rangi itatoka na mawimbi. Ukizidi, nusu yake itaishia angani na kwenye nguo zilizoanikwa kwa jirani. Kazi tunayoiita ya rangi, kwa wenyewe wanaoifanya nusu yake ni kuuchunga upepo.

Upepo huo unatoka kwenye kompresa. Katika gereji ndogo za Dar es Salaam mashine hii haina sura ya kuvutia. Ni tangi la chuma lililolazwa juu ya magurudumu, na juu ya tangi kuna kichwa chenye mapezi ya kupoozea, mota pembeni, na mkanda unaoviunganisha viwili hivyo. Mahali ambapo umeme haujafika au haueleweki, injini ndogo ya petroli inashika nafasi ya mota. Ndani ya kichwa, pistoni ikishuka inavuta hewa, ikipanda inaikandamiza. Vali nyembamba ya bamba la chuma inaifungulia hewa njia ya kwenda tangini, kisha inaifungia isirudi. Geji ikifika psi 115 hivi, swichi inakata mota yenyewe. Ikishuka, inaiwasha tena. Kilichomo tangini ni hewa ile ile tunayopumua, ila imebanwa karibu mara tisa na inatafuta pa kutokea.

Huko kutafuta pa kutokea ndiko kunakoendesha kazi nyingi tusizozihesabu. Mziba pancha wa kona anajaza tairi la gari dogo kwa psi 30 na kitu, la lori kwa 100 na zaidi. Keekee ya daktari wa meno inazungushwa na hewa zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Kule Mirerani, kompresa zinaendesha mashine za kutoboa mwamba wa Tanzanite na kuwapelekea hewa wachimbaji walio chini kabisa. Ule mlio wa "pshii" basi la mkoani linaposimama ni hewa ya breki inayotoka. Wazo la kusimamisha chombo kizito kwa hewa alilisajili George Westinghouse wa Marekani mwaka 1869, kwa ajili ya treni.

Lakini katika kazi hizo hewa inatakiwa isukume tu. Kwa fundi rangi inatakiwa isukume kwa adabu.

Adui wake wa kwanza ni maji, na mwambao wetu umejaa maji hata pale ambapo hayaonekani. Siku ya joto ya kawaida, kila mita ya ujazo ya hewa ya Dar es Salaam inabeba zaidi ya gramu 20 za maji. Hewa hiyo ikibanwa inapata moto, na ikipoa tangini inashindwa kuubeba mzigo wake wote, kwa hiyo maji yanayozidi yanadondoka. Kompresa inayolisha bunduki ya rangi saa nzima bila kupumzika inaweza kuacha karibu glasi moja ya maji, tena yaliyochanganyika na mafuta ya pistoni. Tone moja likipenya kwenye mpira na kufika mbele, rangi inajitenga pale lilipotua na kuacha kijishimo chenye ukingo. Hakifutiki kwa kitambaa. Inabidi kusubiri rangi ikauke, kupiga msasa, na kurudia kipande kizima.

Ndiyo maana fundi ninayependa kumtazama akiwa kazini, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, haanzi kwa kuchanganya rangi.

"Dogo, mwaga tangi kwanza."

Kijana anainama na kufungua koki iliyo chini kabisa ya tangi. Yanafoka maji meupe machafu, unafuata ukungu, halafu hewa tupu. Anataka kufunga.

"Bado. Sikiliza."

Koki inaachwa wazi mpaka mlio wenye mikwaruzo ya matone ugeuke mluzi mwembamba ulionyooka. Kutoka tangini, hewa inapita kwenye bomba la chuma ambalo fundi amelipandisha ukutani kabla ya kulishusha kwenye chujio, ili maji yaliyosalia yapoe njiani na kurudi chini kwa uzito wake. Hatimaye anashika bunduki isiyo na rangi, anapuliza kwenye kipande cha kioo, kisha anakiinua na kukitazama kwenye mwanga. Kioo kikiwa na hata dalili ya ukungu, kijana anarudi kwenye koki.

Bati lenyewe limekwisha kuandaliwa siku zilizotangulia: fila, msasa mkavu, praima, msasa wa maji, kuanzia namba ya chini inayokwaruza hadi ya juu inayolainisha. Anapokagua, fundi hategemei macho. Anaweka kitambaa chembamba kati ya kiganja na bati, kisha anapitisha mkono taratibu kwa urefu wa mlango. Kiganja kitupu hunata na kudanganya, ila kikiteleza juu ya kitambaa kinalihisi bonde ambalo jicho lingekuja kuliona baada ya klia (tabaka la mwisho la kung'arisha), wakati kulirekebisha ni hasara.

Kisha anasubiri saa yake. Gereji haina chumba cha kupulizia, ina paa la bati na ukuta wa upande mmoja. Asubuhi mapema umande ungali juu ya chuma. Mchana upepo wa bahari unaleta vumbi. Kati ya umande kukauka na upepo huo kuanza kuna nafasi finyu, na fundi anaijua. Sakafu inamwagiwa maji vumbi litulie, madirisha yanazibwa kwa magazeti na tepu, regileta inateremshwa hadi psi 30 au 40.

Hapo ndipo mkono wake unapostahili kutazamwa. Bunduki iko shubiri moja kutoka kwenye bati, na inabaki shubiri moja mwanzo hadi mwisho. Hazungushi kiwiko wala kifundo cha mkono, kwa sababu mkono unaozunguka unachora upinde: katikati rangi inajaa, pembeni inakuwa nyepesi. Anatembea. Mabega na miguu vinakwenda pamoja, ubavuni mwa gari, kwa mwendo mmoja. Mkono unaanza kusogea kabla kidole hakijabonyeza, na kidole kinaachia kabla mkono haujasimama. Kila mstari unafunika nusu ya mstari uliopita. Akisogeza bunduki mbali mno, chembe zinakauka kabla ya kutua na rangi inatoka na uso wa ganda la chungwa. Akiikaribisha mno, inatiririka.

Mkono wa kwanza wa rangi ni mwepesi, hata mwenye gari akiona anaweza kudhani amepunjwa. Ni wa kushikia tu. Baada yake kunasubiriwa, na kusubiri huku hakuna saa ya ukutani. Fundi anagusa rangi iliyoangukia kwenye tepu, kamwe si iliyo kwenye bati. Kidole kikitoka bila kuvuta uzi, mkono wa pili unaanza.

Kifaa anachokishika kina asili ya ajabu kidogo. Daktari wa masikio, pua na koo wa Toledo, Marekani, Allen DeVilbiss, alitengeneza chombo cha kupulizia dawa kooni mwishoni mwa karne ya 19. Mwanawe Thomas akaligeuza wazo hilo kuwa bunduki ya rangi mwanzoni mwa karne ya 20. Magari wakati huo yalipakwa kwa brashi, na kazi ya gari moja ilichukua wiki kadhaa kwa kusubiri rangi ikauke. Mwaka 1923, General Motors walipoanza kupulizia magari ya Oakland rangi mpya ya Duco iliyotengenezwa na DuPont, wiki zikawa saa.

Kuna jambo moja katika ufundi huu lisilostahili sifa. Wengi wanapulizia rangi wakiwa wamejifunga kitambaa puani. Rangi za kisasa zenye hadena zina kemikali za isosianeti, na hizo hazizuiwi na kitambaa. Zinaweza kumwachia fundi pumu ya kudumu. Barakoa yenye chujio la mkaa si anasa. Ni kifaa cha kazi, na iingizwe kwenye bei.

Wewe mwenye gari una namna rahisi ya kumjua fundi kabla hujatoa malipo ya awali. Maji yanayoachwa tangini hayaharibu rangi peke yake. Yanakula chuma kwa ndani, na tangi lililoliwa na kutu linaweza kupasuka na kuua. Fika asubuhi kazi inapoanza, simama pembeni, utazame koki ile ya chini. Anayeifungua bila kukumbushwa, mwachie funguo, na usimharakishe.